Nani Aliwahesabu Wanafunzi Hawa? Daftari la Nakuru, Njoro, Kabarak na Subukia

Nakuru mjini

Nimekuja na mazoea ya Dodoma. Kwetu chuo kikuu kilijengwa mlimani kuanzia 2007 kwa makadirio ya wanafunzi 40,000, na mji ukatakiwa kujipanga kukifuata. Nakuru ni kinyume. Mji ulikuwapo tangu enzi za reli, na vyuo vimeuzunguka kwa mbali: Egerton iko Njoro, kama kilomita 25 kusini-magharibi, Kabarak iko kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Eldama Ravine, Laikipia iko kilomita 50, juu ya bonde la Subukia, karibu na Nyahururu. Nakuru yenyewe, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ndiyo njia panda ya wote hao.

Ni Septemba 2025, mwezi wa kuripoti chuoni. Kwenye kituo cha matatu za Njoro magodoro yamefungwa juu ya mabuti, na wazazi wanabishana na makanga kama godoro ni abiria au ni mzigo. Nimekuja kutafuta jibu la swali moja: Kenya inajuaje ni vijana wangapi watafika chuoni mwaka fulani, na kati yao ni wangapi watakopa, na kiasi gani?

Nilianzia saiba, yaani duka la intaneti. Mtaa wowote wa katikati ya Nakuru una moja au mbili, na kibao cha mlangoni husomeka karibu sawa kote: KUCCPS, HELB, KRA, eCitizen. KUCCPS ndiyo hugawa wanafunzi vyuoni; HELB ndiyo bodi ya mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 1995. Kijana wa saiba ananielezea huku vidole vikiendelea kuchapa fomu ya mzee mmoja kutoka Molo: serikali inataka kujua kipato cha wazazi, ukubwa wa familia, shule ya sekondari aliyosoma mtoto, ulemavu ukiwapo, na mahali atokako. Mashine ikishameza majibu, inamtia mwanafunzi kwenye bendi.

"Huyu mzee analima viazi," kijana akaniambia. "Kipato cha mwezi ni ngapi? Yeye hapati kwa mwezi, anapata kwa msimu. Lakini fomu inataka mwezi."

Mzee akacheka, akasema, "Andika ya mwaka mbaya. Mwaka mzuri haujafika."

Hapo nikaelewa kwamba makadirio ya taifa yanaanzia kwenye kiti cha plastiki, kwa mtu anayekisia mapato ya viazi.

Bendi tano na hesabu ya daftarini

Mfumo huu wa ufadhili ulitangazwa na Rais William Ruto Mei 2023. Kabla yake, mwanafunzi aliyepelekwa chuoni na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, serikali ikalipa sehemu kubwa ya gharama moja kwa moja kwa chuo, na HELB ikamkopesha kati ya 35,000 na 60,000. Sasa gharama kamili ya kozi inawekwa mezani na kugawanywa sehemu tatu: ufadhili wa serikali ambao haurudishwi, mkopo, na mchango wa familia. Kulikuwa na makundi manne, na 2024 yakawa bendi tano.

Bendi ya kwanza ni ya familia zenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya pili ni 60, 30 na 10. Ya tatu 50, 30 na 20. Ya nne 40, 30 na 30. Ya tano, ya wenye kipato cha zaidi ya 120,000 kwa mwezi, ni 30, 30 na 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa matumizi: 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, ukishuka kwa 5,000 kila bendi hadi 40,000 kwa bendi ya tano.

Nikachukua kozi ya mfano ya shilingi 200,000 kwa mwaka nikaipigia hesabu. Wa bendi ya kwanza anakopa 50,000 ya karo na 60,000 ya matumizi: jumla 110,000. Wa pili 115,000. Wa tatu 110,000. Wa nne 105,000. Wa tano 100,000. Nikarudia, nikidhani nimekosea.

Sikukosea. Kati ya mtoto wa mkulima wa msimu na mtoto wa mwenye kipato kikubwa, tofauti ya deni ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na aliye maskini ndiye mwenye deni kubwa zaidi. Bendi inabadilisha ufadhili na mchango wa familia. Mkopo haugusi sana. Bodi ya mikopo inaweza kukadiria mahitaji yake bila kujali bendi, ilimradi ijue idadi ya vichwa na bei ya kozi. Anayetikiswa na kosa la bendi ni mzazi. Kwenye kozi hiyohiyo, bendi ya kwanza familia inatoa 10,000 kwa mwaka. Bendi ya tano inatoa 80,000. Mzee wa Molo akiandika mwaka mzuri badala ya mwaka mbaya, tofauti hiyo itamfuata nyumbani.

Malalamiko ya bendi yalifika mbali. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huu unakiuka katiba, lakini umeendelea kutumika wakati rufaa ikisubiriwa. Julai 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kupunguza karo za vyuo vya umma kwa asilimia 15 hadi 40 kuanzia Septemba hii. Nafuu ni nafuu. Kwa mtu wa makadirio, hata hivyo, ina maana kwamba bei ya kozi, moja ya tarakimu mbili anazozihitaji, nayo imehama.

Njoro

Njia ya Njoro hupita mashamba ya ngano. Egerton ilianza 1939 kama shule ya kilimo, kwenye ekari 740 alizotoa Lord Maurice Egerton, mlowezi aliyejijengea kasri la mawe upande huu wa Nakuru akaishi humo peke yake. Shule ilikusudiwa vijana wa Kizungu watakaolima nyanda hizi vizazi na vizazi. Makadirio hayo yalidumu miaka kama 20, kisha milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1987 Bunge likaifanya chuo kikuu.

Nje ya lango kuna Njokerio, mtaa unaoishi kwa wanafunzi: ploti za vyumba vya singo na bedsita, vibanda vya chapati, mashine za kunakili. Mama mmoja mwenye ploti alinikaribisha kwenye benchi la msimamizi wa nyumba zake. Nilimuuliza anajuaje ajenge vyumba vingapi.

"Mgeni, mimi huangalia mambo mawili tu," akasema. "Matokeo ya Januari, na siku ya HELB kuingia. Matokeo yakiwa mazuri, najua nyumba zitajaa. HELB ikichelewa, najua zitajaa watu wasio na kodi."

"Na bendi?"

"Bendi ni ya serikali. Mimi bendi yangu ni kama mtoto amekuja na sufuria au hakuja nayo."

Ana haki ya kutazama matokeo. Ili kuingia digrii Kenya unahitaji angalau C+ kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Mwaka 2015 waliofika hapo walizidi 165,000. Mwaka 2016, baada ya usimamizi wa mtihani kukazwa wakati Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu, walikuwa 88,929. Mwaka 2017 wakawa 70,073. Watoto hawakupungua, watahiniwa waliendelea kuwa zaidi ya nusu milioni. Kilichobadilika ni mlango.

Vyuo vilikuwa vimejipanga kwa mlango wa zamani. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia 1998, waliokosa nafasi ya serikali wakawa chemchemi ya mapato, na vyuo vikafuatana kufungua matawi mijini. Nakuru ilipata ya Kenyatta, ya JKUAT, ya Mount Kenya. Miaka miwili ya matokeo ilitosha kukausha chemchemi hiyo: wenye C+ walipokuwa wachache, karibu wote walipata nafasi ya serikali, na hakubaki wa kujilipia. Vyuo vilibaki na majengo ya kupanga, wahadhiri walioajiriwa na madeni.

Kisha mlango ukafunguka tena. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 173,345 mwaka 2022, 201,133 mwaka 2023, na 246,391 mwaka 2024. Hao wa mwisho ndio wenye magodoro kituoni. Ni mara tatu na nusu ya wale wa 2017, ndani ya miaka saba.

Kwenye benchi hilohilo nikafanya hesabu ya pili, ya mikopo. Chuo ni kama tangi: maji yaingiayo mwaka huu hukaa humo miaka minne. Tuchukue chuo cha kubuni kinachopokea wanafunzi 1,000 kila mwaka, bila kuongeza hata mmoja, na wote wanakopa. Kwa mfumo wa zamani, wastani wa 45,000, wanafunzi 4,000 wanahitaji milioni 180 kwa mwaka. Mfumo mpya ukianza na mwaka wa kwanza pekee, kwa 110,000, mahitaji yanakuwa milioni 245. Mwaka wa pili, 310. Wa tatu, 375. Wa nne, 440. Mahitaji yameongezeka zaidi ya maradufu, na hakuna mwanafunzi wa ziada. Kundi la kwanza la mfumo mpya liliingia Septemba 2023, kwa hiyo tangi litajaa mkopo mpya katika mwaka wa masomo unaoanza 2026. Ongezeko hilo lingeweza kuandikwa ukutani siku mfumo ulipotangazwa. Hazina yoyote itakayosema imeshtukizwa, itakuwa ilishtukizwa na kalenda.

Kabarak

Barabara ya Eldama Ravine ni kavu zaidi na imenyooka. Kabarak ni chuo kikuu binafsi cha Kikristo alichoanzisha Rais Daniel arap Moi, aliyezikwa hapohapo Kabarak Februari 2020. Kilipata hati yake 2008. Nyasi zimekatwa, njia zimechorwa, na ulinganisho na Njokerio unajileta wenyewe. Naupita haraka, maana nyasi hazisemi nani anakopa.

Kinachosema ni sheria. Kuanzia 2016 serikali ilipeleka wanafunzi wake hata vyuo binafsi na kuahidi kuwalipia sehemu ya karo. Mfumo wa 2023 ulifunga mlango huo kwa wapya: anayechagua chuo binafsi anaweza kuomba mkopo, ufadhili hapati. Hivyo mtu wa makadirio hapa ana kazi tofauti na mwenzake wa Njoro. Wa Njoro anangoja orodha ya KUCCPS na bei ya kozi. Wa Kabarak anapaswa kukisia mfuko wa mzazi: ni familia ngapi za Bonde la Ufa zitaweza kulipa karo kamili muhula hadi muhula, kwa mkopo tu pembeni.

Na mifuko ya ukanda huu hupanda na kushuka kwa mazao. Watu wazima wa Nakuru hawahitaji kuambiwa. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa pareto, na kiwanda chake kiko papa hapa mjini. Familia nyingi za Molo na Njoro zilisomesha kwa maua hayo. Biashara ilipoanguka, karo zilihamia kwenye viazi, maziwa na harambee. Mzazi aliyeketi karibu nami kwenye matatu ya kurudi aliniorodheshea alikoipata karo ya muhula wa kwanza: ndama mmoja, chama cha akina mama, basari ya kaunti, na kundi la WhatsApp la ukoo.

"Muhula wa pili?" nikauliza.

"Wa pili ni maombi, ndugu yangu."

Kupanda Subukia

Kutoka Nakuru unapita Bahati, unashuka bonde la Subukia, kisha gari linakwea hadi baridi ya Laikipia. Chuo Kikuu cha Laikipia kiko kilomita 11 kabla ya Nyahururu. Hapa palikuwa na kituo cha mafunzo ya wakulima wakubwa. Mwaka 1990 pakawa tawi la Egerton, na 2013 pakapata hati ya chuo kikuu kamili.

Mwaka 1990 una maana yake. Ndio mwaka vyuo vya Kenya vilipopokea mikupuo miwili kwa mpigo: wa mwisho wa kidato cha sita na wa kwanza wa 8-4-4. Mfumo huo wa 8-4-4, wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, ulianza 1985, kwa hiyo siku hiyo ilijulikana miaka mitano kabla, na bado vitanda vilitafutwa mbio. Mwaka uliofuata serikali, ikibanwa na masharti ya wakopeshaji, ikaanza kuwatoza wanafunzi sehemu ya gharama. Mikopo ya zamani, iliyoanza 1974, wengi waliichukulia kama zawadi, na urejeshaji ukawa hafifu hadi HELB ilipoundwa.

Nayaandika haya kwa sababu mabadiliko mengine yako njiani. Mwaka huu wa 2025 shule za sekondari za Kenya hazina kidato cha kwanza. Darasa la mwisho la 8-4-4 liko kidato cha pili. Litafanya KCSE 2027 na kuingia chuoni 2028. Nyuma yake wanakuja watoto wa mtaala mpya, waliopo darasa la tisa sasa. Wataanza sekondari ya juu Januari 2026, wamalize 2028, waingie chuoni 2029 kusoma digrii ya miaka mitatu. Mara hii makundi mawili hayatagongana mlangoni, ila tangi litabadilika umbo: digrii ya miaka minne ikiwa mitatu, kwa idadi ileile ya wanaoingia, robo ya wanafunzi itaondoka madarasani.

Kabla ya hapo kuna wimbi. KCPE ya mwisho, yaani mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya 2023, ilifanywa na watoto karibu milioni 1.4, wengi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Kati ya waliofanya KCPE ya 2020, karibu wanane kati ya kila kumi walifika KCSE 2024. Uwiano huo ukisimama, watahiniwa wa 2027 watakuwa kama milioni 1.12. Wakipata C+ kwa kiwango cha 2024, cha asilimia 25.5, watakaostahili digrii ni karibu 286,000. Wakipata kwa kiwango cha 2017, cha asilimia 11.4, ni karibu 128,000. Watoto ni walewale, majina yao yako kwenye rejista leo, na makadirio yanatofautiana kwa watu 158,000. Kukisia idadi ya watoto hakuhitaji ustadi. Kigumu ni kukisia mlango, na mlango unashikwa na mtihani mmoja unaotangazwa Januari, wakati vyuo vinafunguliwa Septemba.

Kwetu na kwao

Hapa ndipo nilipoona Tanzania ina jambo la kuonyesha, pengine bila kukusudia. Sisi tumebaki na kidato cha tano na sita. Mchujo mkali unafanyika kidato cha nne. Wanaofika cha sita hufaulu kwa zaidi ya asilimia 98. Ina maana Bodi yetu ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, inaweza kuhesabu wateja wake wakiwa bado kidato cha tano, miaka miwili kabla ya bumu, yaani malipo ya mkopo, la kwanza. Kenya inapata miezi minane. Kwamba kwetu bado kuna wanaokosa mkopo ni ushahidi kwamba kujua idadi hakuleti fedha, lakini angalau hatuwezi kusingizia mshangao.

Kwenye urejeshaji, tofauti ni ya namna nyingine. Kenya inatoza riba ya asilimia 4, na asiyelipa anatozwa 5,000 kila mwezi. Kwa deni la 440,000, ambalo ni miaka minne ya hesabu yangu ya bendi ya kwanza, riba ni 17,600 kwa mwaka, na adhabu ni 60,000. Mhitimu asiye na kazi anamaliza mwaka akiwa ameongezewa deni zaidi kwa kosa la kukosa ajira kuliko kwa riba ya kukopa. Tanzania inakata asilimia 15 ya mshahara wa mwajiriwa, na tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 iliondolewa 2021. Makato yanafuata mshahara, kwa hiyo bodi inayakadiria kwa kutazama ajira. Lakini mshahara wa kijana anayeanza kazi unapungua kabla hajaugusa. Kila nchi imechagua wa kumbana: Kenya inambana asiye na kazi, sisi tunambana aliyeipata juzi.

Neno langu kwa wanaohusika ni hili. Kenya ina miaka mitatu hadi wimbi la 2028. Idadi ya wanafunzi wa kidato cha pili inajulikana kaunti kwa kaunti. Wizara, HELB na KUCCPS zitoe hadharani, mwaka huu, makadirio mawili: moja kwa mlango mpana, moja kwa mlango mwembamba, kila moja na bei yake ya mikopo hadi 2031. Wakulima wa msimu waulizwe kipato cha mwaka badala ya cha mwezi. Na mzazi wa kidato cha pili asingoje bendi: achukue asilimia 40 ya bei ya kozi anayoitaka mtoto, na ajiulize kama anaweza kuitoa kila mwaka. Akiweza, bendi yoyote haitamtisha. Asipoweza, ana miaka mitatu ya kujipanga, na hiyo ni mingi kuliko aliyopewa mzee wa Molo.